Viraka Viwili Chumbani kwa Bibi

Kabla hakujapambazuka, kijiko kiligonga kikombe jikoni: ti, ti, ti. Bibi alikuwa macho tayari. Alijua ni mwanawe anakoroga chai, na alijua pia kwamba hakuna anachokikoroga, maana sukari iliisha tangu Jumanne. Lakini mwanaume aliyeamka saa kumi na moja kwa miaka kumi na sita ili awahi ofisini hawezi kukaa mbele ya kikombe mikono imelala tu. Basi alikoroga.

Majirani walikuwa bado wanamwita Karani, ingawa ulikuwa mwezi wa nne tangu idara ya maji iwape yeye na wenzake kumi na mmoja barua zilizofanana neno kwa neno, tofauti majina tu. Mkewe alikuwa anashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, mpaka nyayo zikavimba. Watoto wao wawili walisoma shule ya bweni, na muhula ulikuwa karibu kufunguliwa. Hayo yote bibi aliyajua. Asichokijua ni kwa nini asubuhi ile mkwewe, alipoleta maji ya kumwogesha, alisema huku macho yake yako kwenye beseni:

"Mama, leo atakuja fundi rangi. Usishtuke."

"Apake wapi?"

"Humu."

"Humu chumbani kwangu?"

"Ndiyo, mama. Inua mkono nikusugue."

Bibi akainua mkono. Mkwe akamsugua kama alivyomsugua kila siku: mgongo, makwapa, katikati ya vidole vya miguu, kisha akamkausha taratibu asije akapata baridi. Ilikuwa miaka sita tangu magoti ya bibi yagome, na hakuna siku hata moja aliyoiruka. Hilo lisemwe mapema, maana yapo mengine yatakayosemwa.

Mkwe alipotoka, bibi aliziangalia kuta zake. Chokaa ilikuwa ile ile iliyopakwa mumewe akiwa hai, na ilikuwa inambandukia juu ya blanketi kama magamba ya samaki. Akaona haya. Katika shida kama hii, nyumba haina sukari, wamekumbuka ukuta wake! Akajiambia kwamba amekuwa akiwafikiria vibaya watoto wa watu bure.

Hakuna aliyemrekebisha.

Fundi rangi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye suruali chini ya gauni na ngazi begani. Mtaa mzima ulimwita Mama Brashi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, lakini alisimama nje akabisha.

"Hodi chumbani!"

"Karibu, mwanangu. Na ngazi nayo ikaribie, tusiibague."

Mke wa Karani alimwonyesha ukuta wenye dirisha. "Paka viraka viwili hapo, kimoja kijivu na kimoja njano. Wataangalia, kisha tutakwambia upake chumba chote rangi ipi." Akarudi kwenye cherehani yake bila kukaa. Hakusema nani ataangalia.

Mama Brashi alikwangua chokaa, akapiga msasa, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Kisha akapaka, kulia kwa dirisha njano ya kiini cha yai, kushoto kijivu cha jivu la mkaa, kila kiraka upana wa gazeti lililofunguliwa. Alifanya kazi huku anaongea, kwa sababu chumba kilikuwa na mtu, na yeye hakuwa na desturi ya kupaka chumba chenye mtu kana kwamba hakina.

"Sasa usiziamini hizi leo, mama. Rangi mbichi ni kama mchumba. Inang'aa, inanukia, inakuahidi mambo. Ngoja ikauke ndipo ujue umeolewa na nani."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mimi wangu alikauka vizuri tu."

"Una bahati. Wangu alipasuka kabla ya mkono wa pili wa rangi." Akaosha brashi. "Haya. Utaziangalia alfajiri, utaziangalia jua likiwa kali, utaziangalia jioni kabla ya taa. Siku mbili. Halafu uniambie."

"Nikuambie mimi?"

"Mwingine anayelala humu nani? Mimi humuuliza anayelala. Niliwahi kumpakia mgonjwa chumba rangi aliyoitaka mjomba wake. Yule mgonjwa aligeukia mlango mpaka akapona."

Bibi hakuhitaji siku mbili. Alikuwa amefagia na kufuta kuta za wodi kwa miaka ishirini na tisa, na ukuta aliujua kama mpishi anavyoijua sufuria. Unachafuka kwenye kimo cha mkono, alisema, na kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa. "Hiyo ya kijivu inaficha. Mke wa mwanangu hatahangaika kufuta. Paka hiyo."

"Mama, sijakuuliza ipi itampunguzia mkweo kazi. Nimekuuliza unaipenda ipi."

Bibi akaviangalia viraka vyote viwili. Kila siku aliulizwa maswali: umekula, umekunywa dawa, umemaliza, nikugeuze? Yote yalikuwa maswali mazuri, na aliyajibu kwa shukrani. Lakini hili lilikuwa la aina nyingine, na alilitafuta jibu lake kama mtu anayetafuta chombo alichokiweka mahali siku nyingi zilizopita.

"Basi nipe hizo siku mbili," akasema.

Akaifanya kazi hiyo kwa bidii. Alfajiri aliikuta njano ina aibu, kama chai iliyotiwa maziwa mengi, na kijivu kimevaa ubuluu kidogo, kimependeza. Saa sita njano ilipiga kelele mpaka akaifokea, "Wewe, punguza sauti!" na kijivu kikabaki na heshima zake. Akadhani amekwisha kuamua. Lakini jioni, jua lilipohamia nyuma ya nyumba ya jirani, kijivu kilizimika. Kilizama kabisa, kana kwamba upande ule wa ukuta kumetobolewa shimo. Njano haikuondoka. Ilibaki pale peke yake, na kwa sababu yake bibi aliweza kuona kikombe chake juu ya kigoda na mlango ulipo. Macho yake hayakuwa mazuri tena, na taa ya nyumba ile haikuwashwa mpaka giza liingie kabisa, kwa sababu ya bili.

Siku ya pili Mama Brashi alipita akitoka kazi nyingine. Hakuwa na la kufanya pale, ila alisema anataka kugusa kama rangi imekauka. Aligusa, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Njano," bibi akasema kabla hajaulizwa. "Mchana ina mdomo, lakini jioni hainiachi."

"Nilijua tangu juzi. Sikutaka kukuharakisha."

"Mwambie na mwanangu. Mimi nikimwambia ataona nina madeko. Watu hawana sukari, mimi nataka ukuta wa kiini cha yai!"

"Madeko gani? Kijivu na njano bei moja, mama."

Mama Brashi alikuwa ameshaondoka, na jua lilikuwa linatua, Karani alipoingia na mtu. Alikuwa kijana nadhifu, mwalimu katika chuo cha biashara, mwenye mkoba na viatu vilivyopigwa rangi. Bibi alijisogeza akakaa vizuri, akafunika miguu. Alidhani ni mgeni wake.

"Karibu, mwanangu."

"Asante," kijana akasema, lakini alisema huku anaangalia dari. Akapima chumba kwa hatua, toka dirishani mpaka mlangoni. Kitandani alipofika alikizunguka, kama unavyozunguka ndoo. Akasimama mbele ya viraka kwa muda wa mtu kusoma tangazo.

"Hii ya kijivu," akamwambia Karani. "Hiyo njano ni ya chekechea. Mimi nasahihisha mitihani, nataka chumba kilichotulia."

"Sawa, sawa kabisa," Karani akasema. "Kesho fundi anaanza."

"Na hiki kitanda kinatoka?"

"Kinatoka."

Kijana akavuta hewa puani, kwa adabu, lakini akavuta. "Na hii harufu? Ya dawa ya kuchua."

Karani alikuwa na muda wa kusema mambo mengi. Angeweza kusema, huyu ni mama yangu. Angeweza kusema, tuongelee nje. Badala yake alisema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia dirishani kule ofisini, watu walipolalamikia mabomba:

"Itatoka. Ikipigwa mikono miwili ya rangi itatoka kabisa."

Wakatoka. Mlangoni kijana aliinamisha kichwa kidogo, akasema, "Haya, bibi," na hiyo nayo ihesabiwe, ilikuwa salamu. Lakini kuna matusi hayana neno hata moja baya ndani yake. Mtu mzima akazungumziwa mbele yake kama kabati, ukubwa wake, harufu yake, siku yake ya kuhamishwa, na anayejibu ni mwana aliyemnyonyesha yeye mwenyewe. Unamshtaki nani, kwa neno gani?

Bibi alikaa vile vile na miguu iliyofunikwa. Kulia kwa dirisha njano ilikuwa inawaka peke yake. Akaigeuzia mgongo, yeye ambaye kila siku alihitaji mtu wa kumgeuza.

Mkwe alipoleta chakula alikuta sahani ya mchana haijamalizwa.

"Nitakaa wapi?" bibi akauliza, uso ukutani.

"Stoo, mama. Tumeitoa magunia, tumeipanga vizuri. Ni karibu na jiko, utapata joto." Akasubiri. "Ada, mama. Watoto watarudishwa nyumbani. Tungefanyaje?"

Mkwe akasimama na sahani mbili, moja imejaa na moja nusu, kisha akaziondoa zote.

Asubuhi Mama Brashi alikuja na debe la kijivu walilomwagiza kwa simu, na uso uliokunjamana. Alimkuta bibi ameketishwa kwenye kiti koridoni, blanketi magotini, na Karani na mkewe wakikivuta kitanda.

"Niliagizwa kijivu," akasema. "Nikasema labda nimesikia vibaya. Mwenye chumba alichagua njano."

"Mwenye chumba ni mpangaji," mke wa Karani akasema. "Kijivu ndicho alichotaka."

"Mimi nilimuuliza mama."

"Nani alikutuma umuulize?"

"Huwa namuuliza anayelala."

"Wewe unalipwa kupaka, hulipwi kuuliza!" Mke wa Karani aliachia kitanda, mguu wa kitanda ukagonga sakafu. "Umemtia mama moyo wa bure siku mbili, sasa sisi ndio wabaya! Tulitaka tumwambie taratibu."

"Taratibu lini? Baada ya mkono wa pili?"

"Fundi, kama hutaki kazi sema," Karani akasema. "Mafundi wako wengi."

Mama Brashi akaweka debe chini. Akaweka brashi juu yake. Alikuwa na wajukuu watatu wanaomsubiri, na wiki ile hakuwa amebakiwa na kazi nyingine, lakini aliiweka.

"Usiache kazi kwa ajili yangu," bibi akasema kutoka koridoni. Alisema polepole, na wote watatu wakageuka kama watu waliosahau kwamba kiti kile kinasikia. "Okota brashi yako, mwanangu. Na wewe baba, usimtishe. Mgeni njoo, mwenyeji atoke, nimeelewa. Ila kabla sijatoka, nipelekeni nikaone ninakokwenda."

Wakambeba na kiti chake. Koridoni alipita mlango wa sebule, na kwa kuwa ulikuwa wazi aliona makochi manne yamevalishwa vitambaa, kabati la kioo na glasi zake, madirisha mawili ya barabarani na mlango wa nje wenye kufuli. Hakuna aliyekuwa amekaa mle ndani. Wakapita.

Stoo ilikuwa imefagiwa vizuri. Mke wa Karani alikuwa ametandika hata zulia dogo, na msumari umepigiliwa kwa ajili ya nguo. Urefu wake ulitosha kitanda na kiti, upana wake ulitosha kitanda. Hapakuwa na dirisha. Balbu ilining'inia katikati, haijawashwa.

"Fundi," bibi akaita. "Humu ungenipa rangi gani?"

Mama Brashi aliangalia kuta, kisha akaenda kwenye vifaa vyake. Alirudi na vifuniko viwili vya makopo, kila kimoja kimepakwa rangi yake na kukauka. Ndivyo alivyowaonyesha wateja.

"Ingia, Karani. Na wewe mama watoto. Ingieni wote."

"Kuna nini tena?"

"Dakika moja. Nimeulizwa swali la kazi, najibu."

Wakaingia, wakabanana magoti kwa magoti na kiti cha bibi. Mama Brashi akavuta mlango akaufunga.

Giza liliwafunika kama gunia. Ilikuwa saa tatu asubuhi, nje jua limejaa uani, na mle ndani mtu hakuona kiganja chake mwenyewe.

"Washa taa," Karani akasema.

"Taa ya mchana ni marufuku kwenye nyumba hii, mama aliniambia. Bili." Sauti ya Mama Brashi ilikuwa karibu kabisa. "Shika. Kimoja mkono huu, kingine mkono huu. Umeshika? Sasa niambie ipi ni njano."

"Fundi, acha utoto."

"Umesomea ukarani. Mimi darasa la nne. Niambie tu ipi ni njano."

Walimsikia anavigeuza vifuniko. Walimsikia anavisogeza karibu na uso. Bati liligongana na bati.

"Hii," akasema.

Mama Brashi akafungua mlango inchi mbili. Katika mkono aliouinua Karani kulikuwa na kijivu.

Hakuna aliyecheka. Mama Brashi akaufunga tena, si kwa hasira.

"Ndiyo jibu langu, mama. Humu sina rangi ya kukupa. Hata ningekuletea ya dhahabu. Ukuta nauweza, dirisha silipaki."

Bibi alipoanza kuongea, aliongea humo humo gizani, na labda ndiyo sababu aliweza.

"Baba," akamwita mwanawe, kwa jina la baba yake alilolirithi kama kila mtoto wa kiume anavyolirithi mdomoni mwa mamake. "Nyumba hii tuliijenga chumba kimoja kimoja. Sisemi ili nikudai. Ningekuwa na cha kuuza ningeuza, watoto wakasome. Chumba ungeniomba, ningekupa. Ningekupa siku ile ile. Mimi nimelala wodini sakafuni kati ya vitanda vya wagonjwa, stoo itaniua?"

"Mama—"

"Subiri. Mpangaji, mtu usiyemjua hata kwao, umemuuliza anataka ukuta wa rangi gani. Umemleta, umemwonyesha, umemwacha achague. Mimi hukuniuliza rangi, hukuniuliza chumba. Umemwambia nitatoka kwa mikono miwili ya rangi."

"Nilisema harufu, mama."

"Harufu ni ya nani?"

Gizani ilisikika pumzi tu, kisha pumzi moja ikakatika, na ilikuwa ya mkewe.

"Na mimi nani aliniuliza?" mke wa Karani akasema. Alikuwa analia kwa hasira. "Miaka sita nambeba, namwogesha, nashona mpaka miguu inaoza. Nani ameniuliza, wewe unapenda nini? Mume wangu aliniambia tutatoa chumba cha mama, nikasema sawa. Kila kitu nasema sawa!"

"Kweli," bibi akasema. "Hata mimi sikukuuliza. Nisamehe, mwanangu." Akapapasa gizani mpaka akaupata mkono wa mkwewe, mgumu kwa sindano na sabuni. "Haya, nakuuliza sasa. Wewe ungefanyaje?"

Mke wa Karani akafungua mlango, mwanga ukawapiga wote usoni, na akasema huku anafuta pua kwa mkono wa gauni:

"Sebule ina mlango wake wa nje."

"Sebule!" Karani akashtuka kuliko aliposhtuka gizani. "Wageni wakija wakae wapi?"

"Wageni gani? Tangu barua ije, amekuja nani? Wale wa ofisini waliokuwa wanamaliza soda zetu, yupo hata mmoja aliyepiga hodi? Vile viti nimevivalisha nguo miezi minne, vinalala vizuri kuliko mama."

"Watu watasema tumefilisika mpaka tumepangisha sebule."

"Na tukimweka mama stoo watasema tumetajirika?"

Mama Brashi alikuwa ameinama anafunga msasa wake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Karani aliona kwamba anamcheka, akajaribu kukasirika, akashindwa. Bado alikuwa ameshika vile vifuniko viwili, kimoja kila mkono, kama mtu aliyepewa sahani na hakuna chakula.

Mwalimu wa chuo alikubali sebule kwa simu, tena haraka. Kuwa na mlango wake mwenyewe, alisema, ndicho alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo. Hakuuliza bibi amebaki wapi, na hatujui kama siku yoyote aliuliza. Mama Brashi alimpakia kijivu chake, mikono miwili, kazi safi, kwa sababu ukuta hauna kosa. Makochi mawili yaliuzwa, mawili yakaenda koridoni, na kabati la kioo likaingia stoo, ambako halikulalamika.

Hela ya kununua debe la njano haikuwepo. Kulikuwa na kopo moja la kuonyeshea wateja, limejaa robo tatu. Mama Brashi alilikabidhi kwa Karani pamoja na brashi ya zamani iliyoanza kunyofoka nywele.

"Linatosha ukuta mmoja, mikono miwili, ukilibana. Mimi nina kazi mtaa wa pili. Wewe huna."

Lilikuwa neno kali, na alilisema mbele ya mkewe. Lakini alimwonyesha pia jinsi ya kushika brashi, na jinsi ya kuanzia juu ili matone yaliyoshuka ayakute njiani.

Jumapili mchana Karani akapanda kwenye kigoda mbele ya kitanda cha mama yake. Ulikuwa ukuta wenye dirisha. Alipaka kama mtu anayeandika, mistari midogo midogo, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Umeacha pale," bibi akasema.

"Wapi?"

"Kushoto. Juu. Si hapo, hapo ni kwenye mkono wako."

"Mama, unaona kweli?"

"Nimefuta kuta miaka ishirini na tisa. Naona palipoachwa."

Mkono wa kwanza ulichukua saa mbili, na kuusubiri ukauke kulichukua nyingine mbili. Katika kusubiri hakuwa na pa kwenda. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, suruali imejaa matone, na kwa kuwa hakuwa na la kusema alimwambia habari za barua ile. Jinsi mkuu wake alivyompa huku anaongea na simu. Jinsi alivyokaa kituo cha basi mpaka saa ya kawaida ya kutoka kazini, ili asifike nyumbani mapema. Wiki mbili alifanya hivyo, kila siku, kabla hajamwambia mkewe. Bibi alisikiliza. Hakumwambia haidhuru, maana ilidhuru. Alimtoa rangi kwenye sikio kwa kucha.

"Nilipomwambia yule mtu vile," Karani akasema, "niliisikia sauti yangu, mama. Niliisikia kabisa."

"Na mimi niliisikia."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Bado nina hasira, lakini nitakusamehe. Rangi imekauka, simama."

Mkono wa pili ulikwenda haraka zaidi. Kopo liliisha palipobaki kipande cha ukubwa wa kiganja karibu na sakafu. Karani alifuta mdomo wa kopo kwa kidole akakimalizia kwa kidole hicho. Kisha akakusanya magazeti sakafuni, akafunga brashi kwenye plastiki, akasimama mlangoni kuangalia. Jua lilikuwa linahamia nyuma ya nyumba ya jirani, na ukuta mzima ulikuwa unawaka taratibu, na mama yake alionekana mzima, mpaka mikunjo ya shingo.

"Haya mama, nimemaliza. Pumzika."

"Kesho uje tena."

Karani akageuka kuangalia ukuta. "Mkono wa pili tayari, mama. Hakuna tena cha kupaka."

"Najua," bibi akasema. "Uje tena."